Saa, tarehe na programu za falaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa wanaotumia au kuandika programu za falaki wakiwa Arusha, Moshi na vitongoji vyake: wanafunzi, waongoza watalii, wapiga picha za anga, na vijana wanaotengeneza programu za simu. Karibu kila tatizo ninaloletewa linaanzia kwenye saa, hata pale mhusika anapoishuku darubini yake. Msimamo wangu ni mmoja. Kumbukumbu iandikwe kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima), na pale ambapo si UTC, tofauti ya saa itajwe waziwazi. Saa za hapa nyumbani, pamoja na saa ya Kiswahili, zije mwishoni kabisa, mtu anaposoma.

Nichague ukanda gani wa saa?

Africa/Dar_es_Salaam. Tanzania nzima iko saa 3 mbele ya UTC, na hapa kwetu saa hazisogezwi mbele wala nyuma mwaka mzima, kwa hiyo kisanduku chochote kinachouliza habari za saa za kiangazi kiache bila alama. Kwenye Windows hutaiona Dar es Salaam katika orodha; chukua Nairobi, ni saa ileile. Kwenye Stellarium (programu ya kuonyesha anga) fungua dirisha la mahali kwa kubonyeza F6, tafuta Arusha (latitudo 3.37 kusini, longitudo 36.68 mashariki) au Moshi (3.35 kusini, 37.34 mashariki), kisha tazama chini ya skrini kama pameandikwa UTC+03:00. Pakisomeka kitu kingine, rekebisha hapo kwanza kabla ya kugusa chochote.

Mahali nimeweka sawa, lakini nyota kwenye skrini haziko pale ninapoziona angani. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima ukubwa wa kosa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo umbali ambao anga imesogea unakwambia saa imekosewa kwa kiasi gani, na kiasi hicho mara nyingi kinamtaja mkosaji. Nyoosha mkono wako mbele: ngumi inafunika takriban nyuzi 10.

Ngumi nne na nusu, yaani nyuzi 45, ni saa 3. Hapo programu imeipokea saa yako ya Arusha ikidhani ni UTC, au kinyume chake. Nyuzi 15 ni saa 1: kuna mtu amewasha saa za kiangazi, mara nyingi ni kompyuta iliyokuja na mgeni kutoka Ulaya. Nyuzi 90 ni saa 6, na hili ni letu wenyewe: mtu ametazama saa 2 usiku akaandika 02:00 badala ya 20:00, yaani saa 18 nyuma, ambazo kwa nyota ni sawa na saa 6 mbele. Akiandika 14:00 kosa ni lilelile saa 6, ila hapo programu itamwonyesha jua kali na atashtuka mapema.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo la nyuzi 90. Vidhibiti vingi vya mkononi vya darubini vinataka mwezi uandikwe kabla ya siku, kwa mtindo wa Marekani. Ukiandika 04/07 ukimaanisha tarehe 4 Julai, chenyewe kinaelewa tarehe 7 Aprili. Kati ya tarehe hizo kuna siku 88, na kwa kuwa anga ya saa ileile husogea karibu nyuzi 1 kila siku, nyota zitakuwa kombo kwa nyuzi 87 hivi. Utatofautishaje na kosa la saa ya Kiswahili? Tazama mwezi. Saa ikikosewa kwa saa 6, mwezi unasogea pamoja na nyota na umbo lake halibadiliki sana. Tarehe ikikosewa kwa siku 88, ambazo ni karibu miezi mitatu kamili ya mwandamo, umbo la mwezi hubaki karibu lilelile, lakini utauona kati ya nyota nyingine kabisa.

Kosa langu ni dogo, kama nyuzi 8 tu. Ni dakika 33. Zinatoka wapi?

Hili nalipenda kwa sababu lina majibu mawili tofauti, na yote mawili yanatokana na mahali tulipo.

La kwanza ni longitudo. Saa tunayotumia imejengwa juu ya longitudo 45 mashariki, mstari ambao kwa latitudo yetu uko ndani ya Bahari ya Hindi. Arusha iko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi 8.32, na kila uzi mmoja ni dakika 4, jumla dakika 33. Moshi ni kama dakika 31. Ndiyo maana jua likifika juu kabisa kwa siku hiyo pale Arusha, saa ya ukutani haisomi 12:00. Mwanzoni mwa Novemba inasoma kama 12:17, na katikati ya Februari kama 12:47. Tofauti kati ya misimu inaletwa na njia ya Dunia isiyo duara kamili na mhimili wake ulioinama. Sasa mwanafunzi anayekokotoa mwenyewe saa za nyota (Dunia humaliza mzunguko mmoja dhidi ya nyota kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4) huchukua saa ya nyota ya Greenwich akaongeza saa 3, kwa kuwa ndiyo tofauti aliyoizoea. Hapana. Ongeza longitudo yako iliyogawanywa kwa 15: Arusha ni saa 2, dakika 26 na sekunde 43. Ukanda wa saa ni makubaliano ya serikali, na nyota hazina habari nayo.

Jibu la pili liko ndani ya Python. Ukitumia maktaba ya zamani iitwayo pytz na kuandika hivi:

`datetime(2025, 9, 7, 21, 11, tzinfo=pytz.timezone("Africa/Dar_es_Salaam"))`

utapewa tofauti ya saa 2 na dakika 27 badala ya saa 3. Sababu yake ni hii. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta duniani kote siku hizi inaihesabu Dar es Salaam kama jina jingine la Nairobi, na pytz ikiitwa kwa njia hiyo huchukua mstari wa kwanza kabisa wa historia: saa ya jua ya Nairobi iliyotumika kabla ya 1908. Saa 3 toa saa 2 na dakika 27, unabaki na dakika 33. Programu haitoi onyo lolote. Tumia zoneinfo, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 3.9:

`datetime(2025, 9, 7, 21, 11, tzinfo=ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))`

Kwenye Windows huenda ukahitaji kusakinisha pia kifurushi cha tzdata.

Nimepiga picha ya mwezi uliopatwa, programu inaniambia wakati huo mwezi ulikuwa mweupe. Kwa nini?

Tuchukue kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025, ambako huku kwetu kulionekana vizuri jioni. Kilele kilikuwa saa 18:11 UTC, yaani 21:11 kwa saa zetu, saa 3:11 usiku. Tuseme kamera yako ilikuwa imewekwa saa za Arusha, na ndani ya kichwa cha faili ikaandika:

`DATE-OBS= '2025-09-07T21:11:40'`

Tazama mstari huo kwa makini. Hakuna +03:00, hakuna herufi Z, hakuna kinachosema hii ni saa ya wapi. Utaratibu wa faili za FITS, ambazo ndizo zinazotumika kwenye falaki, ni kwamba pasipotajwa vingine saa hiyo inachukuliwa kuwa UTC. Kwa hiyo programu inaamini ulipiga picha saa 21:11 UTC, ambayo hapa Arusha ilikuwa dakika 11 baada ya saa 6 usiku, tarehe 8. Kivuli cha Dunia kilikwisha kuuachia mwezi saa 22:56 za kwetu. Programu inakokotoa sawasawa kabisa na kukuonyesha mwezi mweupe, wakati picha yako ina mwezi mwekundu. Zaidi ya hapo, kwa saa 3 mwezi husogea kama nyuzi moja na nusu kati ya nyota, mara tatu ya upana wake wenyewe, kwa hiyo hata nyota za nyuma hazitalingana.

Dawa yake ni kuweka kamera na kompyuta ya darubini kwenye UTC moja kwa moja, na kuziacha hapo. Picha zilizokwisha kupigwa zirekebishwe kwa kutoa saa 3, na uandike kwenye faili kwamba umefanya hivyo, la sivyo mwenzako atakuja kutoa saa 3 nyingine.

Kupatwa kwa mwezi kwa mwaka 2018 wengine wanaandika tarehe 27 Julai, wengine 28. Nani yuko sahihi?

Wote, na hapo ndipo penye shida. Kilele kilikuwa saa 20:21 UTC tarehe 27, kwetu saa 5:21 usiku wa Ijumaa. Lakini mwezi ulibaki umefunikwa wote mpaka dakika 13 baada ya saa 6 usiku, ambayo tayari ni Jumamosi tarehe 28 kwa kalenda ya simu, ilhali kwa UTC bado ni tarehe 27. Tukio lolote linalotokea hapa kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku lina tarehe ya jana kwa UTC. Programu inayotafuta matukio ya "leo" kwa kulinganisha tarehe ya UTC itayaruka yote hayo.

Halafu ongeza desturi yetu. Kwa wengi wetu, hasa wazee na watu wa pwani, siku huanza jua likizama, na usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kijana anayesoma simu anaelewa usiku unaofuata. Tangazo likisema tu "usiku wa Jumamosi", nusu ya watu wanaweza kutoka nje na kukuta mwezi wa kawaida. Andika kwa ukamilifu: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 27 kuamkia 28 Julai. Ni maneno marefu kwenye kitufe cha simu, lakini mimi sioni njia fupi isiyopoteza watu.

Namba kama 2460926.2576 ni ya nini?

Ni siku ya Julian: hesabu ya siku mfululizo tangu adhuhuri ya tarehe 1 Januari mwaka 4713 kabla ya Kristo, bila miezi wala miaka. Hiyo uliyoiona ni saa 18:11 UTC ya tarehe 7 Septemba 2025. Faida yake ni kwamba kujua muda kati ya matukio mawili ni kutoa tu. Stellarium huionyesha kwenye dirisha la saa, F5.

Siku hii hubadilika adhuhuri ya UTC, kwetu saa 9 alasiri. Hiyo ni bahati nzuri, kwa sababu usiku wetu wote, tangu magharibi hadi alfajiri, unabaki ndani ya namba moja. Ukiona sehemu nyingine namba kama 60925.76, hiyo ni ileile iliyopunguzwa 2400000.5 ili iwe fupi, na yenyewe hubadilika saa 9 usiku kwetu. Usizichanganye.

Kwa waandishi wa programu: usiihifadhi namba hii kwenye desimali ya biti 32. Kwa ukubwa huo hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni robo siku, saa 6 nzima. Kwa biti 64 hatua ni kama mikrosekunde 40, yaani sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, na hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Astropy, maktaba ya Python ya falaki, hutumia namba mbili za biti 64 kwa pamoja ili isipoteze hata hizo.

Wageni wanataka kufika kilele cha Kilimanjaro mwezi ukiwa mpevu. Kalenda yao inasema tarehe nyingine. Tufuate ipi?

Fuata wakati wenyewe, kisha ugeuze. Mfano mzuri ni mwezi mpevu wa Desemba 2025: saa 23:14 UTC tarehe 4. Mgeni wa New York aliuona kwenye kalenda yake tarehe 4 saa 12 na robo jioni. Hapa ilikuwa tarehe 5, saa 8:14 usiku. Kundi linaloondoka kambi ya Barafu karibu saa 6 usiku kuelekea kileleni lilipaswa kuwa pale usiku wa tarehe 4 kuamkia 5, na mwezi ungefikia upevu wake wakiwa njiani. Kwa mwanga tu, usiku mmoja kabla au baada hauna tofauti ya kumfanya mgeni alalamike. Ugomvi unakuja kwenye malipo na nafasi, pale ofisi imeandika "tarehe 5" na kila upande ukaelewa usiku wake.

Programu inasema mwezi una umri wa saa 15 jioni hii. Inahesabu kuanzia wapi?

Kuanzia dakika ambayo mwezi na jua vilikutana kwa longitudo angani, ambayo ni moja kwa dunia nzima. Tarehe 28 Februari 2025 ilikuwa saa 00:45 UTC, kwetu saa 9:45 usiku. Jua lilipozama Arusha karibu saa 12:50 jioni, zilikuwa zimepita saa 15 hivi. Ukikosea ukanda, umri unapungua au kuongezeka kwa saa 3, na kwa mwezi mchanga namna hiyo saa 3 ni nyingi mno. Kama mwezi umeandama au la, hilo ni la wenye mamlaka ya kutangaza. Programu inatoa hesabu tu.

Kwa nini jedwali la kupatwa kwa jua linazidi programu yangu kwa sekunde 69?

Kwa sababu jedwali limeandikwa kwa saa nyingine. Mzunguko wa Dunia hauko sawasawa, kwa hiyo wanaokokotoa njia za sayari hutumia saa isiyotegemea mzunguko huo, iitwayo TT. Tangu tarehe 1 Januari 2017, TT iko mbele ya UTC kwa sekunde 69.184: sekunde 37 za saa ya atomiki na 32.184 za nyongeza ya kihistoria. Majedwali ya kupatwa mara nyingi hutaja TT au jina lake la zamani, TD. Soma kichwa cha safu kabla ya kunakili namba.

Sekunde ya nyongeza ya mwisho iliingizwa mwishoni mwa 2016. Kwa kuwa huingizwa usiku wa manane wa UTC, hapa Tanzania ilikuwa tayari mwaka mpya, saa 02:59:60 usiku. Kompyuta nyingi hazijui sekunde ya 60. Nchi zilikubaliana mwaka 2022 kwamba utaratibu huu ubadilishwe ifikapo 2035. Kwa mtu anayetazama tu, sekunde 1 ni sehemu ndogo sana ya anga. Kwa anayepima nyota ikifichwa na mwezi, ni kila kitu.

Etc/GMT+3 kwenye orodha ya kanda za saa si ndiyo sisi?

Hapana, ni kinyume. Katika majina hayo alama imegeuzwa: Etc/GMT-3 ndiyo saa 3 mbele ya UTC. Ukichagua +3 utakosea kwa saa 6. Usiyatumie kabisa.

Moscow, Istanbul na Riyadh nazo ni +3. Nikichagua mojawapo kuna ubaya?

Leo hakuna. Kwa picha za zamani upo. Moscow ilikuwa +4 kati ya 2011 na 2014, na Istanbul ilitulia kwenye +3 mwaka 2016 tu.

Na kumbukumbu za miaka ya Tanganyika, au za kale zaidi?

Hapo usiiachie programu iamue. Kwa kuwa Dar es Salaam imeunganishwa na Nairobi ndani ya hifadhidata, unachopewa kwa miaka ya nyuma ni historia ya Nairobi, ambako saa ilikuwa 2:30 na baadaye 2:45 mbele ya Greenwich, hadi 1942 ilipotulia kwenye 3:00. Kumbukumbu ya Moshi ya wakati huo ihakikishwe kwa jua: kama mwandishi ametaja saa ya kuchomoza au kuzama, unaweza kurudi nyuma na kujua saa yake ilikuwa ipi.

Kwa kale zaidi, kumbuka kwamba tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na tarehe 15 katika nchi zilizopokea kalenda mpya kwanza, na Uingereza ilingoja hadi 1752. Stellarium hutumia kalenda ya zamani, ya Julian, kabla ya tarehe 15 Oktoba 1582, wakati Astropy inaendeleza kalenda ya sasa kurudi nyuma bila kukoma, kwa hiyo zitatofautiana na zote ziko sawa. Wanafalaki pia wana mwaka 0, ambao ni mwaka 1 kabla ya Kristo.

Ninaandika programu yangu. Nihifadhi nini kwenye hifadhidata?

Kwa tukio la angani, UTC. Kwa kikao cha watu kukutana kutazama anga, hifadhi saa ya hapa pamoja na jina la ukanda, kwa sababu serikali ikibadilisha saa siku moja, watu watafuata saa mpya na kupatwa hakutafuata. Usikubali saa isiyo na ukanda iingie. Skyfield, maktaba nyingine ya falaki, itaikataa na kukupa kosa, nami naiunga mkono. Astropy itaipokea kimya ikidhani ni UTC.

Saa ya Kiswahili usiihifadhi popote. Ikokotoe wakati wa kuonyesha: toa 6 kwenye saa ya dijitali, chukua baki la 12, na ikiwa 0 andika 12. Kisha ambatanisha asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku au alfajiri, maana bila neno hilo saa 3 ni mbili kwa siku.

Nikiwa porini bila mtandao, simu itapoteza saa?

Kwa siku chache itapotea kwa sekunde chache tu, haitoshi kuharibu utazamaji wa kawaida. Ukiwasha GPS, programu inayosoma saa ya setilaiti itarudi sawa hata bila mtandao. Setilaiti zenyewe ziko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na kipokezi husahihisha kwa kutumia taarifa inayotumwa na setilaiti hizohizo. Kikiwa kimewashwa baada ya kulala muda mrefu, kipe kama robo saa chini ya anga wazi kabla ya kuiamini sekunde yake.